Chandarua cha bure na utayari wa kulipa

MKULIMA wa mpunga katika delta ya Rufiji, ambayo sasa imo wilayani Kibiti, hulala shambani juu ya dungu msimu unapofika, akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mwitu. Mbu nao hawamwachi. Akiulizwa yuko tayari kulipa kiasi gani kwa chandarua chenye dawa, jibu lake litategemea jambo ambalo halimo katika swali: kama kliniki inavitoa bure.

Tanzania imejaribu njia zote mbili. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha mpango wa Hati Punguzo, ambapo mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani na kuongezea fedha zake. Mwaka 2009 nyongeza hiyo ilipangwa kuwa Sh500 tu. Kati ya mwaka huo na 2011 vikagawiwa vya bure, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote. Hati zilisitishwa mwaka 2014.

Je, Sh500 na bure vinatofautiana kwa Sh500 tu? Magharibi mwa Kenya, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwamba bei ilipopanda kutoka sifuri hadi Sh40 za nchi hiyo, kiwango cha wajawazito waliochukua chandarua kilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Waliolipa hawakuonekana kukitumia zaidi ya waliopewa, ingawa wengi hudai kuwa cha bure hakithaminiwi.

Hata wasio maskini huvutwa na sifuri. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2007 uliuza chokoleti nzuri kwa senti 15 na ya kawaida kwa senti 1; asilimia 73 ya wanunuzi walichagua ile nzuri. Kila bei ilipopunguzwa senti moja, asilimia 69 wakachukua ya bure.

Kwa hiyo, anayekataa kutoa Sh500 hajasema chandarua hakifiki thamani hiyo. Pengine mpunga haujavunwa na fedha hana, au anasubiri mgao.

Hofu iliyobaki ni kwamba aliyezoea bure hatanunua tena. Dupas aliipima Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2014: kaya zilizopata chandarua cha kwanza bure au kwa bei ndogo ndizo zilizoelekea zaidi kununua cha pili mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa zilikwisha kukitumia na kuona faida yake.