Mfuko Mmoja kwa Watu wa Kabila Nyingi: Habari za Mtaa wa Rogers Park



Wazee walituachia mezali hii: Penye wengi hapaharibiki neno. Tunaitaja mara nyingi katika mikutano ya mtaa, hasa siku ya kugawa feza ya wote. Lakini ni nani kati yetu asiyepata kuona mkutano wa namna hii ukiharibika mbele ya macho yake? Mfuko ni mmoja, na wenye kuutazama ni wengi. Huyu ataka daraja, yule ataka kisima, wamama wanataka nyumba ya kuzalia, vijana wanataka kiwanja cha mpira. Mwishowe anashinda mwenye sauti kubwa, na wengine wanarudi nyumbani wakinung'unika kwamba feza imeliwa na watu wa kabila fulani.

Leo twataka kuwaeleza habari za mtaa mmoja wa mbali, ambao watu wake walijaribu kugawa feza yao kwa njia nyingine. Walifaulu katika mambo mengine, wakakwama katika mengine. Kufaulu kwao kunatufundisha, na kukwama kwao kunatufundisha zaidi.

Mtaa huo unaitwa Rogers Park. Uko Marekani, katika mji wa Chicago, upande wa kaskazini kabisa, kandokando ya ziwa Michigan. Zamani ulikuwa mji mdogo wenye kujitegemea, ukaunganishwa na Chicago mwaka 1893. Wazungu waliokaa pale kwanza walikuwa wakulima na wafanya kazi waliotoka Ujerumani, Luxembourg na Ireland. Baadaye walikuja Wayahudi wengi. Kisha mwaka 1965 serikali ya Marekani iligeuza sheria yake ya kupokea wageni, na tangu hapo wakafika watu wa Meksiko, wa visiwa vya Jamaika na Haiti, wa Asia na wa Afrika. Hata Wakongo waliokimbia vita wamepata makao katika mitaa ile ya kaskazini. Walipohesabiwa mwaka 2010, wenyeji wa Rogers Park walikuwa karibu 55,000. Wazungu, watu weusi na wenye kusema Kispania walikaa pamoja, na hakuna kundi hata moja lililofika nusu ya watu wote.

Basi, mtaa wa namna hii utajuaje ni kazi gani itangulie nyingine?

Chicago imegawanywa sehemu 50, na kila sehemu inachagua mshauri wake katika baraza la mji. Kila mwaka mji ulimpa kila mshauri kiasi cha feza kwa kazi za sehemu yake; siku zile kilikuwa karibu dola 1,300,000. Feza hiyo haikuwa ya mishahara wala ya posho. Ilikuwa ya vitu vya kujengwa na kudumu: barabara, njia za waendao kwa miguu, taa, viwanja. Kwa desturi mshauri aliamua peke yake. Aliyemjua mshauri alipata taa mbele ya nyumba yake, na asiyemjua alikaa gizani.

Mshauri wa sehemu ya 49, ambayo kubwa yake ni Rogers Park, alikuwa Joe Moore. Alianza kazi ile mwaka 1991. Mwaka 2007 alichaguliwa tena, lakini kwa kura chache sana kupita za mwenzake, na jambo hilo lilimwonyesha kwamba watu wamechoka. Mwaka ule ule, katika mkutano mkubwa uliofanyika Atlanta, alisikia habari za miji ambayo wenyeji wenyewe wanaamua feza itumike namna gani. Akarudi nyumbani akikusudia kujaribu. Mwaka 2009 alitangaza kwamba feza yote ile ya sehemu yake haitagawanywa na yeye tena, bali na watu. Hilo lilikuwa jambo jipya. Mahali pengine katika Marekani hapakuwa bado pamelifanya.

Tuangalie sasa walivyofanya, maana katika kazi za namna hii ni utaratibu unaoshika au kuvunja jambo.

Kwanza waliitwa wakubwa wa vyama vya mtaa, wa makanisa, wa nyumba za masomo na wa vikundi vingine, wapate kutunga kanuni kabla ya kugusa feza. Hilo ni neno la akili. Kanuni ikitungwa baada ya feza kuonekana, kila mtu huitunga kwa kuifuata faida yake. Kisha wenyeji waliitwa mikutanoni, pande mbalimbali za mtaa. Waliambiwa wazi: feza ni kiasi hiki, yaweza kufanya kazi hizi, haiwezi kufanya zile. Kila mtu alitoa shauri lake, na mashauri yakaandikwa yote.

Halafu watu waliojitolea waligawanyika katika vikundi: wengine kwa mambo ya barabara, wengine kwa viwanja na miti, wengine kwa usalama, wengine kwa kupamba mtaa. Kazi yao ilikuwa ngumu. Walikwenda kutazama mahali penyewe, waliwauliza mafundi wa mji bei ya kila kitu, wakayaacha mashauri yasiyowezekana. Walikutana hivi miezi mingi, wakati wa baridi na teluji, bila mshahara. Mwishoni walibaki na mashauri 36, kila moja na bei yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2010 watu walipiga kura. Kila mwenyeji aliyetimiza miaka 16 aliruhusiwa. Hakuulizwa kama ni raia wa Marekani, aliulizwa tu kama anakaa pale. Mwanamke wa Meksiko aliyefua nguo za watu, kijana wa Haiti aliyekuwa bado masomoni, hao ambao sheria ya Marekani haikuwapa kura ya kuchagua hata mshauri, siku ile walikuwa na kura sawa na ya mwenye nyumba ya ghorofa. Watu zaidi ya 1,600 walikuja, na kazi 14 zilipata feza. Kutengeneza njia za waendao kwa miguu kulipata kura nyingi zaidi. Kati ya kazi nyingine zilikuwamo taa za barabara, njia za baisikeli, bustani za wenyeji kulima pamoja, hata kiwanja cha kuchezesha mbwa.

Tunajua kwamba msomaji wetu atacheka kusikia habari ya mbwa. Lakini na tusicheke haraka. Kiwanja kile kilipata feza kwa sababu wenye mbwa walifika, wakasema, wakapiga kura. Na hapa tunaingia katika neno lenyewe la maana.

Waliochunguza kazi ile waliona jambo la kuhuzunisha. Mtaa ulikuwa na watu wa kila rangi, lakini waliojaa mikutanoni walikuwa zaidi wazungu, wenye nyumba zao wenyewe, watu waliosoma sana. Wenye kusema Kispania na watu weusi walikuwa wachache kupita hesabu yao katika mtaa. Hakuna aliyewafukuza, mlango ulikuwa wazi. Lakini mtu anayefanya kazi ya usiku hawezi kuja mkutanoni jioni. Mama mwenye watoto watatu na bila msaidizi hawezi kukaa katika kikundi miezi mingi. Mtu asiyesikia Kiingereza vema atasema nini juu ya bei za mafundi? Na mpangaji anayejua kwamba mwaka ujao atahama, atajisumbua kwa nini kwa njia ya mbele ya nyumba isiyo yake?

Wenye kuongoza kazi hawakuficha jambo hilo. Walianza kufanya mikutano kwa Kispania, wakapeleka karatasi za kura mahali watu wanapopita. Ilisaidia, lakini haikuponya yote. Basi mezali yetu ya wengi yadai swali lingine: wengi hao ni akina nani? Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi wa mkutano si lazima wawe wengi wa mtaa.

Ili tuelewe kilichokosekana Chicago, sharti turudi nyuma miaka 20, mpaka mahali kazi hii ilikotoka. Ni mji wa Porto Alegre, katika Brazil ya kusini, mji wa watu zaidi ya milioni moja. Brazil ilitawaliwa na askari tangu mwaka 1964 mpaka 1985. Siku zile za shida, wenyeji wa mitaa maskini walijifunza kuungana katika vyama vya mtaa, na katika nchi ile vikundi vidogo vya Wakristo vilisaidia watu wengi kujifunza kusema hazarani. Mwaka 1989 Olívio Dutra alianza kazi ya meya wa Porto Alegre, na chama chake kiliahidi kwamba wenyeji wataamua juu ya feza ya mji.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Watu walikuja, walieleza shida zao, kisha hakuna kilichofanyika, kwa maana karibu feza yote ya mji ilimezwa na mishahara. Wengi walikata tamaa, na mwaka 1990 waliofika mikutanoni hawakupata 1,000. Ilibidi kwanza mji utengeneze kodi zake, wenye nyumba kubwa walipe zaidi. Feza ilipopatikana na kazi zilipoonekana, watu walirudi kwa maelfu. Mji uligawanywa sehemu 16, na kila sehemu ilipanga shida zake kwa zamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Lakini angalieni vema: Porto Alegre haikuhesabu kura tupu. Kila sehemu ilipewa alama kwa mambo matatu. La kwanza, watu wake ni wangapi. La pili, wao wenyewe wametanguliza shida gani. La tatu, wanakosa nini. Sehemu iliyokosa zaidi ilipewa alama zaidi.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Tuseme sehemu mbili, kila moja ina watu 10,000, na zote mbili zimetanguliza mifereji ya maji machafu. Ya kwanza inayo mifereji karibu kila nyumba, yataka tu kuiongeza. Ya pili haina. Ya kwanza yaleta watu 300 mkutanoni, ya pili 100 tu, maana watu wake wamechoka na kazi. Kwa kura tupu, ya kwanza itashinda. Kwa alama za Porto Alegre, hesabu ya watu ni sawa, shida iliyotangulizwa ni sawa, lakini katika kukosa ya pili yapita mwenzake, na mfereji utaanza kwake. Hivi kanuni inamsemea yule aliyekuwa kazini saa ya mkutano.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1989 nyumba zilizofikiwa na mifereji ya maji machafu hazikupata nusu ya nyumba za mji. Kabla ya mwisho wa miaka ile ya 1990 zilikuwa zaidi ya nne kwa tano.

Hata hivyo, kitu chema nacho chahitaji walinzi. Chama kile kilishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2004. Wakubwa waliofuata hawakuiondoa desturi mara moja, ila feza iliyowekwa mikononi mwa watu ilipungua pole pole, na kazi zilizoahidiwa zilichelewa. Mwaka 2017 meya mpya aliisimamisha mikutano. Kilichojengwa kwa mapenzi ya mkubwa mmoja chaweza kubomolewa na mkubwa mwingine.

Jambo hili halikubaki ng'ambo tu. Limefika hata kwetu Kongo. Katika Kivu ya Kusini, tangu miaka ya 2010 na 2011, komine za Bukavu kama Ibanda na Bagira zilijaribu desturi hiyo kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wenyeji waliitwa mikutanoni kwa ujumbe wa simu, wakapiga kura juu ya kazi za kutanguliza. Ilionekana kwamba watu walilipa kodi kwa moyo zaidi walipoona feza yao inafanya nini. Hilo si ajabu. Mtu hakatai kutoa, anakataa kuibiwa.

Ndugu wasomaji, twajua kwamba mifuko yetu si ya dola milioni. Ni feza ya kamati ya mtaa, ya chama cha wazazi, ya kisima. Lakini kanuni ni ile ile kwa mfuko mkubwa na mdogo. Tangazeni kiasi cha feza mbele ya wote kabla ya kuanza maneno. Tungeni kanuni kabla ya kugawa. Ulizeni bei kwa mafundi kabla ya kupiga kura. Na mkutano ukijaa, msifurahi bado. Tazameni mabenchi, mkahesabu: ni kabila gani halina mtu hapa? Ni barabara gani haikuleta hata mama mmoja? Watumeni watu wawili waende kwao jioni, wakaketi nao, wakawaulize kwa luga yao wanakosa nini, na shida yao iandikwe katika kitabu kimoja na za wengine, na alama zake.

Rogers Park walifungua mlango, nao wanastahili sifa. Porto Alegre walifungua mlango, kisha wakaweka kanuni kwa ajili ya aliyebaki nje. Sisi nasi, kabla ya kugawa mfuko wetu wa mwaka huu, tukamwulize yule ambaye hakufika.