Mguu Wako Hauna Makosa, Kiatu Ndicho Chembamba

Wacha nianze na kitu kilichonikasirisha.

Jumamosi fulani nilimpeleka binamu yangu soko la Litein kutafuta raba za kukimbia. Yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 5,000, na mwalimu wake alikuwa amemweka kwa timu ya mbio za nyika. Tulizunguka kwa mitumba kutoka saa tatu mpaka saa saba. Kila kiatu kilichomtosha urefu kilimbana mbele. Kilichomtosha upana kilikuwa kirefu kama mtumbwi. Mwishowe muuzaji mmoja akaangalia miguu yake, akacheka, akasema, "Msichana, huu ni mguu wa kulima, sio wa kukimbia. Nunua gambuti."

Watu wakacheka. Yeye pia akajifanya anacheka. Lakini tukiwa kwa matatu tukirudi nyumbani, akaniambia polepole kwamba anafikiria kuachana na mbio. Kucha zake mbili zilikuwa zimeshageuka nyeusi, na kidole kidogo kilikuwa na sugu kubwa kama punje ya mahindi. "Shida ni mguu wangu," akasema.

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike. Juu nimeisikia mara nyingi sana huku kwetu, Kericho na Bomet, kutoka kwa watu waliokulia kwa vijia vya katikati ya majani chai. Mtu ananunua kiatu, kinamuumiza, halafu anauchukia mguu. Hakuna anayeuliza kiatu kilitengenezewa nani. Basi leo tuulize.

Twende kwanza London, Julai 1954. Kenya bado ni koloni. Wakimbiaji wawili kutoka hapa, Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony, wanaingia uwanja wa White City kushindana na Waingereza. Maiyoro ni wa Kisii, majirani zetu hapo tu ukivuka Sotik. Wote wawili wanakimbia miguu mitupu. Chepkwony anaanza maili sita kwa kasi lakini anaumia na kutoka kabla ya mwisho. Maiyoro, kwa maili tatu, anawaacha watu mbali mwanzoni, halafu anamaliza wa tatu nyuma ya Freddie Green na Chris Chataway, na hao wawili siku hiyo walivunja rekodi ya dunia. Yaani mtu alimaliza wa tatu kwenye mbio za rekodi ya dunia bila kiatu chochote.

Songa miaka sita mbele. Roma, Septemba 1960. Abebe Bikila, mwanajeshi wa Ethiopia, anatakiwa kukimbia marathoni ya Olimpiki. Viatu vipo. Anavijaribu, vinambana. Akaamua kukimbia vile alivyokuwa amezoea mazoezini, bila viatu. Alishinda kwa saa 2:15:16, muda bora kuliko wote duniani wakati huo. Hii hadithi husimuliwa kana kwamba ni muujiza wa Mwafrika asiyehitaji viatu. Mimi naisoma tofauti. Ni hadithi ya mtu ambaye hakupata kiatu cha mguu wake. Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, Bikila alivaa viatu na akashinda tena, kwa muda mzuri zaidi, 2:12:11. Hakuwa anachukia viatu. Alichohitaji ni kiatu kinachomkaa.

Na hapo hapo Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo, mtoto wa Kericho, alichukua shaba ya mita 800. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, nchi ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja wa uhuru. Alirudi Mexico 1968 akachukua fedha. Sitajifanya najua saizi ya mguu wake. Ninachosema ni kwamba miguu ya huku imekuwa ikifanya kazi yake vizuri kwa muda mrefu. Kama una shaka, muulize Beatrice Chebet, mzaliwa wa kaunti hii ya Kericho, aliyebeba dhahabu mbili Paris 2024, mita 5,000 na mita 10,000.

Sasa, kwa nini miguu yetu wengine ni mipana hivyo? Wengi hufikiria ni damu, eti tumezaliwa hivyo. Ushahidi unasema kuna kitu kingine. Mwaka 1905 daktari wa Marekani aitwaye Phil Hoffmann alichapisha kazi akilinganisha miguu ya watu wasiovaa viatu na ya wale wanaovaa. Wasiovaa, vidole vilikuwa vimetawanyika, na sehemu pana zaidi ya mguu ilikuwa huko mbele. Wanaovaa, mguu ulikuwa umefuata umbo la kiatu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Kristiaan D'Août wa Ubelgiji walienda India wakapima Wahindi wanaotembea bila viatu na Wahindi wanaovaa viatu. Nchi moja, damu moja. Wasiovaa walikuwa na mguu mpana zaidi mbele, na uzito wao ulisambaa vizuri zaidi chini ya wayo.

Binamu yangu alilelewa na kogo upande wa Mogogosiek, na mpaka darasa la sita viatu vilikuwa vya kanisani tu. Alichunga ng'ombe, alichota maji, alipeleka chai ya saa nne kwa watu wanaochuna majani, yote kwa miguu mitupu. Mguu wake ulikua jinsi mguu hukua ukiachwa huru.

Kiatu nacho kina historia yake. Kila kiatu cha kiwanda hujengwa juu ya kalibu, yaani mguu wa bandia wa mbao au plastiki. Kalibu ikiwa nyembamba mbele, kila kiatu kitakachotoka hapo kitakuwa chembamba, hata kama ni laki moja. Na kiwanda hutengeneza kalibu kwa kumfikiria mteja wake, mtu aliyevaa viatu tangu ajifunze kutembea. Mtumba unaofika Litein au Silibwet ulinunuliwa kwanza na huyo mteja. Wewe na mimi tunapata kiatu cha pili, kilichokatwa kwa mguu wa mtu mwingine.

Na hapa ndipo hadithi inakuwa ya kuchekesha kidogo.

Mwaka 2009 Mmarekani Christopher McDougall alitoa kitabu Born to Run, na watu huko kwao wakaanza kutamani kukimbia kama watu wasio na viatu. Januari 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature. Walikuwa wamekuja hapa kwetu Bonde la Ufa wakapima, kati ya wengine, vijana ambao hawakuwahi kuvaa viatu. Waligundua kwamba wanaokimbia miguu mitupu mara nyingi hutua na sehemu ya mbele au katikati ya wayo, na hawapati ule mgongano mkali unaompata mtu anayetua na kisigino. Utafiti haukusema kwamba kuvua viatu kunazuia majeraha. Lakini soko halikungoja. Viatu vyembamba, vyepesi, vya soli bapa vikaanza kuuzwa kwa bei ya ng'ombe mdogo.

Ona hiyo safari. Mtoto wa hapa anachekwa sokoni kwa sababu ya mguu wake. Mguu kama huo huo unapimwa na maprofesa, halafu unauziwa Wamarekani kama ndoto.

Lakini ngoja, usivue viatu bado. Mimi si mtu wa kusifu miguu mitupu kimapenzi. Kogo yangu hakutembea bila viatu kwa sababu alisoma utafiti. Hakuwa na pesa. Alitolewa funza kwa pini, na udongo wenye kinyesi ulikuwa ukipitisha minyoo ya safura kwenye ngozi ya watoto. Alipopata viatu vyake vya kwanza alivifurahia, na alikuwa na haki.

Sayansi yenyewe pia ilipunguza kelele. Mwaka 2013 watafiti walipima watu wa jamii ya Daasanach, kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, ambao wamezoea kukaa bila viatu. Kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa, asilimia 72 walitua na kisigino. Kwa hivyo hakuna "mtindo mmoja wa Mwafrika". Mwaka huo huo utafiti mwingine Marekani ulifuatilia wakimbiaji 19 waliohamia viatu vya vidole vitano kwa wiki 10. Kumi kati yao walionekana na dalili za mifupa ya mguu kulemewa. Na mwaka 2014 kampuni ya Vibram, watengenezaji wa hivyo viatu, ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema matangazo yake yaliahidi faida zisizo na ushahidi, ingawa haikukiri kosa.

Basi msimamo wangu ni huu. Vitu viwili vimechanganywa na ni lazima tuvitenganishe. Soli nyembamba ni kitu kimoja. Mbele pana ni kitu kingine. Kuna viatu vyepesi sana vya mashindano ambavyo mbele vimechongoka kama penseli. Soli nyembamba ni chaguo lako, na ukiichagua, ingia polepole, juu misuli ya ndama na kano ya kisigino zinahitaji miezi, sio wiki mbili. Lakini nafasi ya vidole sio mtindo. Ni haki ya mguu. Hata mtu asiyekimbia anaihitaji.

Sasa tufanye kazi. Hivi ndivyo tulivyofanya na binamu wiki iliyofuata.

Jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea, wakati mguu umevimba kidogo, alisimama juu ya karatasi, uzito wote chini, nikachora kuzunguka miguu yote miwili. Tukakata ile kubwa kati ya hizo mbili. Hiyo karatasi ndiyo tulienda nayo sokoni. Kwa kila kiatu, tulitoa soli ya ndani tukaiweka juu ya karatasi. Mguu ukimwagika nje ya soli upande wa vidole, tunarudisha kiatu, hata kama ni kizuri namna gani. Mbele ya kidole kirefu tuliacha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kwa sababu ukiteremka mlima mguu husonga mbele, na hapo ndipo kucha hufa.

Kuongeza saizi sio suluhisho. Kiatu kirefu hukunjika mahali pasipo pako na kisigino kinaanza kucheza. Tafuta herufi za upana ndani ya ulimi wa kiatu au kwenye boksi. Kwa viatu vya Marekani, upana wa kawaida wa wanaume ni D, wa wanawake ni B. 2E ni pana, 4E ni pana zaidi. Kwa hivyo dada mwenye mguu mpana anaweza kuanza na kiatu cha kawaida cha wanaume. Kampuni ya Altra ya Marekani ilijenga jina lake kwa mbele pana na kisigino kilicho usawa na vidole, na mara moja moja jozi zake huonekana kwa mtumba. Na kwa mbio za vijia vyetu, geuza kiatu uangalie meno. Udongo mwekundu wa Kericho ukinyeshewa ni sabuni. Meno mafupi yatakuangusha.

Sitaki kusahau nyumbani. Mwaka 2016 Navalayo Osembo na Weldon Kennedy walichangisha pesa mtandaoni kuanzisha Enda, kiatu cha kukimbia cha Kenya. Cha kwanza kikaitwa Iten, kingine Lapatet, na kila Mkalenjin anajua hilo neno ni mbio. Swali lile la "kilitengenezewa nani" linaweza kuwa na jibu la hapa.

Binamu tulimpata kiatu siku ile ya pili. Cha wanaume, rangi ya matope, kimechubuka kisigino, shilingi 1,700. Si kirembo hata kidogo. Alikivaa, akakimbia kutoka stendi mpaka mwisho wa soko na kurudi, watu wakimpisha. Nikamuuliza vidole viko aje.

"Vinasonga," akasema.

Kucha bado ni nyeusi na zitachukua miezi kukua upya. Lakini Jumatatu alienda mazoezi. Kwa hivyo ukiwa huko unasoma hii na mguu wako umebanwa ndani ya kiatu ulichoambiwa "kitaachia", kitoe, chukua karatasi na kalamu, uchore. Halafu weka kiatu juu ya mchoro uone mwenyewe ni nani kati yao ana makosa.