Uwiano wa Difu: Nani Anamdai Nani

Nililetewa kitabu cha maelekezo ya pickup ya zamani nikitafsiri kwa ajili ya mafundi wa gereji moja mjini Iringa. Kurasa za injini zilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye difu nikakwama siku mbili, wala hayakunikwamisha majina ya vifaa. Hayo mafundi wetu walishayamaliza zamani: difu, krauni, pinioni, propela, ekseli. Kilichonikwamisha ni namba, 4.11, iliyokaa peke yake kwenye jedwali bila kipimo. Si kilo, si lita, si milimita. Nimwambie fundi ni 4.11 ya nini?

Vitabu vya hesabu vya shule vinaiita uwiano. Gereji nyingi husema resho, na wapo wanaopendelea nisba. Mimi nimeng'ang'ania uwiano, na si kwa sababu ya heshima ya shule. Ukilifumua neno hilo utakuta ndani yake kitenzi wia, kilekile tunachokitumia tukisema "niwie radhi". Kuwia ni kudai pia: mwia ndiye mwenye kudai, mwiwa ndiye mwenye deni, na wanaowiana wanadaiana. Kwa sikio la zamani, basi, uwiano ni daftari la nani anamdai nani na kiasi gani. Difu ndivyo ilivyo. Kila tairi likitaka kuzunguka mara moja, linaidai propela mizunguko minne na ushei. Huo ushei ndio ile 0.11.

Ukifungua difu yenyewe utayaona madai hayo yamechongwa kwenye chuma. Pinioni, kale kadogo kanakopokea mzunguko wa propela, kana meno 9. Krauni, duara kubwa linalogawia ekseli za kulia na kushoto, ina meno 37. Gawa 37 kwa 9 upate 4.11. Swali langu la kwanza lilikuwa la mtu asiyeshika spana: kwa nini kiwanda hakikukata meno 36 yakatoka 4 kamili, hesabu ikawa nyepesi kwa kila mtu? Jibu limenifurahisha kuliko lolote nililolipata katika kazi hiyo. Kwa 36 na 9, kila jino la pinioni lingekutana na meno manne yaleyale ya krauni maisha yake yote. Jino moja likiwa na kasoro, lingeyatafuna hayo manne peke yake. Lakini 37 na 9 hazina kigawo cha pamoja. Jino lililokutana na mwenzake sasa hivi halitakutana naye tena mpaka pinioni imalize mizunguko 37, na katikati hapo litakuwa limepita kwa wenzake wote. Ulaji unagawanyika sawasawa. Ndiyo maana majedwali ya difu yamejaa namba za ajabu: 41 kwa 10, 43 kwa 10, 39 kwa 8.

Hapo nikadhani nimemaliza. Siku niliyopeleka rasimu gereji, nikamkuta mzee mmoja amekuja kumlalamikia fundi. Ana Land Cruiser ya mfululizo wa 75, yenye injini ya 2H, dizeli ya silinda 6, lita 4, isiyo na turbo. Alikuwa ameivua matairi yake ya 7.50-16, yenye kimo cha kama milimita 805, akaivisha mapana yaliyoandikwa 35 ubavuni, yaani inchi 35, au milimita 889. Gari likapendeza, hilo siwezi kukataa. Ila Kitonga, mlima ambao zamani alikuwa akiupanda na namba tatu, sasa unadai namba mbili, na moshi mweusi unamfuata nyuma.

"Fundi, injini imechoka hii."

"Injini nzima, mzee. Umebadilisha difu."

"Difu? Sijaigusa hata nati yake!"

"Umeibadilisha kwa matairi."

Mzee alinitazama kama vile mimi ndiye nitakayemtetea. Nikachukua kalamu. Tairi jipya limezidi la zamani kwa asilimia 10 na ushei. Likizunguka mara moja linalisogeza gari mbele zaidi, na propela inatoa mizunguko ileile minne na ushei kwa safari iliyorefuka. Ukigawa 4.11, ambayo ndiyo ya difu yake pia, kwa 1.104 unapata 3.72. Sasa, Land Cruiser nyingine za zamani zilitoka kiwandani na difu ya 3.70, yaani krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 10. Fundi alikuwa hajakosea hata kidogo. Kwa hesabu ya mlimani, mzee alikuwa amekwenda dukani kununua matairi akarudi na jino moja zaidi kwenye pinioni.

Rasimu yangu ikaanza kunikera. Nilikuwa nimeandika "uwiano mkubwa" na "uwiano mdogo", nikifuata Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kimejichanganya hapa. Wenyewe husema gia iko juu au iko chini, na ile wanayoiita ya juu ndiyo yenye namba ndogo kwenye jedwali. Muuza vipuri anaposikia "nataka ya juu zaidi" hajui kama mteja anataka namba iongezeke au ipungue, na watu wamenunua krauni za bei mbaya kwa kosa hilo. Sikuona sababu ya kuuingiza mkanganyiko huo kwetu ilhali madereva wetu wanazo sifa safi. Wao husema gia nzito na gia nyepesi. Gia nzito ndiyo ya mlima na mzigo. Gia nyepesi ni ya tambarare. Nikafuta juu, chini, kubwa na ndogo, nikaandika difu nzito kwa ile inayodai mizunguko mingi ya propela, na difu nyepesi kwa inayodai michache. Kwa maneno hayo mzee akaelewa bila kikokotoo: tairi kubwa huifanya difu iwe nyepesi.

Fundi hakuridhika na hesabu za karatasi. Gari la zamani, alisema, limepita mikononi mwa wengi, na kibao cha kiwandani kinaeleza difu iliyozaliwa nalo tu. Akapiga jeki gurudumu moja la nyuma, la pili likabaki chini na jiwe mbele yake. Akaweka gia huru, akachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, akanilaza chini ya gari nihesabu. Yeye akazungusha tairi mara mbili kamili. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu moja likisimama, lililo hewani huzunguka mara mbili ili krauni izunguke mara moja. Mstari wa propela ulinipita mara moja, mbili, tatu, nne, kisha ukasonga tena kiasi cha upana wa kidole gumba ukasimama. Kile kidole gumba ndicho sehemu moja ya tisa. Sijawahi kuiona desimali kwa karibu kiasi kile, na vumbi lake likiniingia jichoni.

Ili kurudisha nguvu ya mwanzo kwa matairi yale, mzee angehitaji uwiano wa karibu 4.54. Fundi akampendekezea 4.88, ya meno 39 kwa 8. Ukiigawa kwa 1.104 inabaki 4.42, nzito kidogo kuliko alivyozoea, na hilo ndilo fundi alilolitaka: tairi kubwa huja pia na uzito wake na upepo wake, mambo ambayo kimo peke yake hakiyasemi. Gharama yake iko kwenye lami. Kwa namba nne, ambayo haipunguzi wala haiongezi, injini yake ilikuwa ikizunguka takriban mara 2,170 kwa dakika kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Matairi mapya yaliishusha karibu na 1,960. Difu ya 4.88 ingeipandisha hadi kama 2,330. Pinioni ya meno 8 nayo ni nyembamba kuliko ya 9, kwa hiyo kila unapoifanya difu iwe nzito unapunguza nyama ya chuma kinachobeba kazi yote. Wauzaji hawapendi kulisema hilo.

Na haiwi moja. Gari linalovuta kwa magurudumu yote lina difu ya mbele na ya nyuma, na uwiano wake lazima ufanane. Ukiacha mbele 4.11 na nyuma 4.88, siku utakapofunga magurudumu ya mbele propela mbili zitabishana, na mwisho wa ubishi wao ni chuma kukatika. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani kama pea, kwa hiyo usichukue krauni ya hapa ukaioza kwa pinioni ya kule, hata kama meno yanahesabika sawa. Kuzifunga nako kuna kazi: fundi hupaka meno rangi, huzungusha, hutazama alama imekaa wapi, huongeza au kupunguza shimu, na pengo kati ya meno hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ikikosewa, difu inalia mpaka Mbeya.

Spidomita nayo ilikuwa inadanganya. Kwenye gari hili inasoma mzunguko wa propela, tairi haijui. Ikionyesha 80, mzee alikuwa akienda 88. Ikionyesha 50 mjini, alikuwa 55, na askari wa tochi hasikilizi hoja za krauni.

Wenye Land Rover za zamani hukutana na jambo hilihili kwa upande wa pili. Zile za Series zina difu ya 4.7, nzito sana kwa barabara za siku hizi, injini inapiga kelele kabla gari halijafika mahali. Wengi wao huchukua difu ya Range Rover, 3.54, ambayo kwenye nyingi kati ya hizo huingia mlemle, na injini ikapumua kwa robo nzima. Hapo hakuna tairi lililobadilika.

Kwenye kitabu changu niliongeza safu ambayo haikuwamo kwenye lugha ya awali: kimo cha tairi, kando ya uwiano. Aliyeniajiri aliuliza nani amenipa ruhusa. Nikamjibu kwamba 4.11 bila tairi ni deni lisilo na mdai. Safu ikabaki.

Mzee alipotajiwa bei ya krauni mbili na siku za kazi, alinyamaza kidogo.

"Fundi, yale matairi yangu ya zamani uliyaweka wapi?"

Yalikuwa nyuma ya gereji. Matatu yalikuwa mazima. La nne lilikuwa limeshapandwa mchicha.