Nchi, Mbung'o na Mbolea: Maana ya Udhibiti katika Historia ya Handeni na Korogwe



Neno "udhibiti" tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika matumizi yetu ya kila siku lina harufu ya ofisi. Hudhibitiwa magendo, hudhibitiwa bei, hudhibitiwa nidhamu ya watumishi. Anayedhibiti yuko juu, kinachodhibitiwa kiko chini, na baina yao hupita amri. Wahandisi na wanahisabati nao wanalo neno hilihili, lakini wamelitia maana ambayo sisi wa lugha na historia hatujaitumia vya kutosha.

Wao hutofautisha mifumo ya mstari na mifumo isiyo ya mstari. Mfumo wa mstari ukiusukuma kidogo hujibu kidogo, ukiusukuma maradufu hujibu maradufu. Usio wa mstari waweza kuusukuma mara tisa usitikisike, na mara ya kumi ukapinduka, wala usirudi ulikokuwa hata ukiondoa mkono wako. Mwaka 1892 Mrusi Aleksandr Lyapunov aliandika tasnifu juu ya uthabiti wa mwendo, na swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: kitu kilichotulia kikivurugwa kidogo, je, kitarejea kwenye utulivu wake au kitazidi kuuacha? Jioni hii nitaliuliza swali hilo juu ya nchi ya Wazigua na ya Wasambaa, yaani wilaya za Handeni na Korogwe, na juu ya maneno ambayo watu wa huko na watawala wao wameyatumia kuitaja kazi ya kuitunza ardhi.

Tuanze na neno "nchi" lenyewe. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wanafikra wakulima wa Usambara, alionyesha kwamba siasa ya Wasambaa ilizunguka semi mbili: "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, na "kubana shi", yaani kuiharibu. Mvua, mavuno, amani baina ya watawala na uzazi wa watu na mifugo vilitazamwa kwa pamoja. Kitenzi kilichochaguliwa ni cha mganga. Mganga hamwamuru mgonjwa apone. Hutafuta kilichovurugika, akakigusa pale panapogusika, kisha akangoja. Nadiriki kusema kwamba kitenzi hicho kiko karibu zaidi na swali la Lyapunov kuliko "kudhibiti" kwetu kwa ofisini.

Fikra hiyo imo pia katika maandishi ya Kiswahili ya mapema. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, iliyochapishwa kwanza na misheni ya Magila na kutolewa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962, husomwa zaidi kama tarehe ya ukoo wa kifalme. Naomba isomwe pia kama kitabu cha kilimo. Mbegha, mwasisi wa ukoo huo, anatoka Ngulu, katika milima ya Nguu ambayo sehemu yake imo leo katika Wilaya ya Kilindi, iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Anapofika Usambara hana jeshi. Ana mbwa na mikuki, na anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba, kisha nyama anawagawia watu. Uhalali wake unaanza hapo. Nguruwe wakizidi watu huyaacha mashamba ya pembezoni. Yakiachwa hugeuka kichaka. Kichaka huzaa maficho ya nguruwe wengine. Huo ni mrejesho unaojikuza, na mwindaji mmoja aliyeingia mahali panapofaa aliukata.

Chini ya milima, katika nyika ya Handeni, mdudu aliyetawala mambo alikuwa mbung'o. James Giblin, katika utafiti wake wa mwaka 1992 juu ya siasa za udhibiti wa mazingira kaskazini-mashariki mwa Tanzania, anaeleza kwamba Wazigua wa karne ya 19 walifuga ng'ombe katika nchi ambayo baadaye ilikuja kuhesabiwa kuwa haifugiki. Waliweza kwa sababu waliishi kwa wingi wa kutosha mahali pamoja, wakafyeka, wakachoma moto kwa majira yake, na mifugo ikazuia vichaka kurudi. Hapa ndipo penye kizingiti. Kaya tatu zikifyeka peke yake, mbung'o hawahisi. Zikiwa nyingi vya kutosha, mbung'o hukosa kivuli na wanyama pori hukimbia. Idadi ikishuka chini ya kizingiti, mbung'o hurudi, ng'ombe hufa, watu huhama, na kuhama kwao huleta vichaka zaidi. Hali mbili zinawezekana katika ardhi ileile na mvua ileile, na kila moja ikishakaa ina nguvu ya kujilinda.

Habari ya kupe ni ya ajabu zaidi. Ndama wa kienyeji anayeumwa na kupe tangu mdogo, akaugua ndigana kidogo akapona, hukua na kinga. Ng'ombe aliyetengwa kabisa na kupe, siku akikutana nao, hufa. Kwa hiyo udhibiti uliokamilika waweza kuwa hatari kuliko nusu udhibiti. Ronald Ross alifikia jambo lenye undugu na hili kwa hesabu zake za malaria za mwaka 1911: si lazima kuangamiza kila mbu, yatosha kuwashusha chini ya kiwango fulani. Korogwe, ambayo imekuwa kituo muhimu cha majaribio ya chanjo ya malaria, inalijua somo hilo kwa njia yake.

Lakini tusiipambe karne ya 19. Machifu waliogawa chakula wakati wa njaa ndio walioweza pia kuuza watu. Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliwasukuma Wazigua wengi mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wakapelekwa hadi Somalia. Vizazi vyao vilikaa katika bonde la mto Juba vikihifadhi lugha yao, na vita vya Somalia vilipowafukuza, baadhi yao walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakizungumza Kizigula kinachosikilizana na Kizigua cha wenyeji. Wanaisimu wachache wametega sikio kwao. Nchi iliyoponywa kwa wengine iliwatapika hao.

Pigo lililopindua mfumo lilikuja katika muongo mmoja. Sotoka iliua ng'ombe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzige wakafuata kuanzia mwaka 1894, kisha ukame na njaa mwishoni mwa muongo. Mavuruko kama hayo yalikuwapo zamani, na nchi iliwahi kurejea. Safari hii haikurejea, na kwa maoni yangu sababu haimo katika ukubwa wa pigo peke yake. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umewanyang'anya machifu uwezo wa kukusanya na kugawa nafaka. Kodi ya nyumba ya mwaka 1898 ilihitaji fedha, na nafaka ambayo ingekaa ghalani iliuzwa. Watu walitawanyika kutafuta chakula na ujira, na kutawanyika huko ndiko kulikowashusha chini ya kizingiti. Mbung'o walimaliza kazi. Utawala wa Waingereza ulipokuja kulishughulikia tatizo, ulilitazama kama tatizo la mdudu. Huko Shinyanga C. F. M. Swynnerton aliongoza utafiti mkubwa na ufyekaji wa vichaka, na ni haki kusema kwamba yeye aliujua uzito wa makazi ya watu. Handeni ilibaki kwa miongo mingi ikitajwa katika taarifa kuwa wilaya ya njaa, kana kwamba njaa ni tabia ya udongo wake.

Korogwe ilikwenda njia nyingine. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na nyuma ya reli ukaja mkonge. Habari ya Richard Hindorf inajulikana: mwaka 1893 miche 1,000 iliyotoka Florida ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba ya bonde lote, na mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Miche 62 ikawa nchi nzima. Mwenye kutaka mfano wa mambo yasiyokwenda kwa mstari hana haja ya kuvuka bahari.

Mkonge huvumilia ukame, na uvumilivu huo uliwadanganya wenye mashamba. Alfred Hartemink, aliyefanya utafiti wa udongo katika kituo cha Mlingano, alionyesha kwamba udongo mwekundu uliobeba mkonge mfululizo bila kurudishiwa kitu umezidi uchachu na kupungukiwa kalsiamu na virutubisho vingine. Kwa miaka mingi mavuno hushuka polepole, mmiliki hufungua pori jipya, na hasara haionekani katika hesabu. Pori likiisha, ndipo mfumo unapodai deni lake kwa mkupuo.

Hapo tunafika kwenye mbolea. "Mbolea" ni neno lenye sura ya Kibantu, na wengi wanalihusisha na mzizi uleule uliotupa "-bovu": kitu kilichooza kikazaa. "Samadi" ni Kiarabu. "Rutuba" nayo ni Kiarabu, na asili yake ni unyevu. Mkulima anayesema ardhi yake ina rutuba anasema kwa neno moja mambo mawili ambayo kitabu cha agronomia huyatenga sura mbili. Mbolea ya viwandani ilipoingia, wakulima waliiita "mbolea ya chumvichumvi", jina lenye busara, kwa kuwa ni chumvi kweli, na lenye wasiwasi ndani yake. Lugha ya serikali iliacha kivumishi hicho. Katika miaka ya 1970, enzi ya Siasa ni Kilimo na Kilimo cha Kufa na Kupona, "mbolea" kwenye mabango ilikuwa mfuko.

Mfuko huo ulitengenezwa Tanga. Kiwanda cha mbolea, kilichojengwa kwa ubia na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, kilianza uzalishaji mwaka 1972 kikitegemea malighafi kutoka nje. Andrew Coulson alikikosoa mapema, mwaka 1977. Fosfati ya Minjingu ilianza kuchimbwa miaka ya 1980 ili kukilisha, lakini kiwanda kilifungwa mwaka 1991. Miongoni mwa bidhaa zake ilikuwa salfeti ya amonia, yenye naitrojeni 21%, ambayo huongeza uchachu wa udongo. Kuipeleka bila chokaa katika udongo mwekundu uliokwisha chachuka ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa wake.

Jamii ya kunde hulionyesha jambo hili kwa uwazi usio na kifani. Chukua dengu. Mizizi yake hushirikiana na bakteria, nao huvuta naitrojeni hewani. Ukiipa fosforasi mahali ilipopungua, vinundu vya mizizi huongezeka na mavuno hupanda, kisha hufika kiwango ambacho kuongeza hakuongezi. Ukiipa naitrojeni kidogo wakati wa kupanda, huenda ikaanza vema. Ukiipa nyingi, mmea huacha kuwalisha bakteria, vinundu hupungua, na mkulima amenunua kwa fedha kile alichokuwa akipewa bure. Mchoro wa mavuno dhidi ya mbolea haufuati mstari mnyoofu, na mshauri anayesema "weka zaidi" hajauona mchoro huo.

Lakini dengu ipi? Tanzania, dengu ni ile punje yenye ncha kama mdomo wa ndege, inayolimwa hasa Shinyanga, Mwanza na Simiyu katika udongo mweusi wa mbuga, ikipandwa mvua zikielekea mwisho na kuishi kwa unyevu uliobaki, yaani kwa rutuba katika maana yake ya asili. Kenya, "ndengu" ni ile ambayo Tanzania huiita choroko. Kijitabu cha mbolea kilichoandikwa Machakos na kusomwa Shinyanga kitakuwa Kiswahili fasaha juu ya zao jingine. Na mkulima wa Handeni, ambaye huchanganya mahindi na kunde au mbaazi, akipewa kijitabu chochote kati ya hivyo viwili atakuwa amepewa ushauri wa mimea ambayo si yake. Haya si masuala ya usanifishaji yanayoweza kungoja. Kipimo cha fosfati kinapanda na jina.

TUKI ilipotoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilifungua njia kubwa, na sina nia ya kuilaumu kwa yale ambayo haikuyakusudia. Ninachoomba ni kwamba istilahi zijazo za kilimo zikusanywe kwanza Kwamsisi, Mkata, Magoma na Mombo, ndipo zipelekwe mezani. Tunazo tayari "samadi" kwa mavi ya mifugo, "mboji" kwa majani yaliyooza, "chumvichumvi" kwa ya viwandani. Tunalikosa jina la kitu cha nne. Karibu 2% tu ya mmea wa mkonge ndiyo hugeuka uzi. Yaliyosalia kwa karibu karne nzima yalimwagwa mitoni na kwenye marundo. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mtambo wa majaribio ulijengwa Hale, wilayani Korogwe, na Katani Limited kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ili makapi hayo yatoe gesi na umeme. Kinachobaki tangini baada ya gesi kutoka ni tope lenye virutubisho ambalo laweza kurudishwa shambani, katika udongo uleule ulioyatoa. Tope hilo si samadi, si mboji, wala si chumvichumvi, na kamusi zetu hazijalipa jina.