Anjiolipoma: Uvimbe wa uti wa mgongo usio saratani lakini unaopoozesha

ANJIOLIPOMA ya uti wa mgongo ni uvimbe adimu unaoundwa na mafuta yaliyochanganyika na mishipa ya damu. Si saratani, wala hausambai mwilini. Hata hivyo, ukiota ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, mahali pasipo na nafasi ya ziada, hubana neva ziendazo miguuni na kwenye kibofu, na huweza kumpoozesha mgonjwa.

Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1890 na Berenbruch wa Ujerumani. Katika kila uvimbe 100 wa uti wa mgongo, wa aina hii haufiki hata miwili. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa makamo, na mara nyingi hukaa sehemu ya kifua, upande wa nyuma.

Dalili huanza taratibu, kwa miezi au miaka: maumivu ya mgongo, ganzi, miguu kukosa nguvu, na hatimaye mkojo kuzuilika au kutoka bila hiari. Ujauzito na ongezeko la uzito huweza kuzidisha hali hiyo. Mara chache, damu ikivuja au kuganda ndani ya uvimbe, miguu hupooza ghafla.

Kwa wakazi wa Busisi, wilayani Sengerema, na mwambao wa Ziwa Victoria kwa jumla, utambuzi una ugumu wake. Huku kichocho kimeenea, na mayai yake yakifika kwenye uti wa mgongo hudhoofisha miguu vilevile. Kifua kikuu cha mifupa nacho hufanya hivyo, aghalabu kikiambatana na homa, kukonda au kibyongo. Magonjwa hayo mawili hutibiwa kwa dawa, lakini anjiolipoma haisikii dawa. Mgonjwa anayetibiwa kwa kukisia hupoteza muda ambao neva zake hazina.

Kipimo kinachoondoa utata ni MRI, kwani huonyesha mafuta, mishipa ya damu na kiasi ambacho neva zimebanwa. Picha ya kawaida ya eksirei huweza isionyeshe kitu. Tiba ni upasuaji: daktari hufungua mfupa wa nyuma wa pingili na kuutoa uvimbe. Wengi hupata nafuu kubwa, na ni nadra uvimbe kurudi, hasa ukitolewa wote kabla neva hazijaharibika.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limewaondolea wagonjwa adha ya kusubiri kivuko waendapo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, jijini Mwanza. Safari imekuwa fupi. Kinachobaki ni kuianza mapema. Mtu ambaye miguu yake inazidi kulegea, au anayeshindwa kuuzuia mkojo, hapaswi kungoja dozi nyingine ya dawa za maumivu wala kuamini kuwa amerogwa. Awahi hospitali, na aombe uti wake wa mgongo uchunguzwe.