Hedifoni za safari: za waya au zisizo na waya?



Kila vyuo vikikaribia kufunguliwa vijana wa mtaani kwangu wananijia na swali lile lile: "Broo, kwa safari nichukue hedifoni za waya au hizi zisizo na waya?" Nami huwajibu kwa swali: unapanda nini, unakaa njiani saa ngapi, na simu yako ina tundu gani? Wengi hawalipendi jibu hilo, walitaka nitaje moja tu wakanunue. Basi leo nimeamua kuyaweka yote mahali pamoja. Anayetaka asome, aprinti, na mwenzake ampe.

Tuelewane maneno kwanza. Hedifoni hapa ni zote, zile kubwa za kufunika sikio na zile ndogo za kuchomeka ndani. Na vile viwili vidogo visivyo na waya kabisa, vinavyolala kwenye kikasha chao na kuchajiwa humo humo, nitaviita vidude. Si unajua tena, ndivyo tunavyoviita huku mtaani.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge safari ya Mbeya. Zaidi ya kilomita 800, basi linatoka Mbezi saa 12 asubuhi, mtu nimevaa vidude vyangu vipya najiona mjanja. Kabla ya Ruaha Mbuyuni vikaanza kulia ile sauti ya kuomba chaji. Nikavirudisha kwenye kikasha, kumbe kikasha chenyewe nilisahau kukichaji usiku. Kimelala! Tundu la chaji kwenye siti lilikuwepo, ila la urembo tu. Jioni basi liliposimama watu wakachimbe dawa, nikainama na kidude kimoja kikadondoka kwenye majani. Konda anapiga honi, mimi napapasa majani kama natafuta shilingi. Sikukipata. Jirani yangu wa siti, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na viwaya vyake vyeupe vya kuchomeka kwenye simu ya batani. Vilianza kazi Mbezi, vikamaliza kazi Uyole. Hakunicheka, lakini aliniangalia.

CHAJI

Hapo ndipo tofauti ya kwanza ilipo. Za waya hazina betri, zinakula umeme kidogo sana kutoka kwenye simu yenyewe. Za Bluetooth zina betri zake, na zile za vidude ni ndogo kuliko punje ya harage. Vingi vinacheza saa 4 hadi 6 kwa chaji moja, halafu unavirudisha kwenye kikasha vinajaa tena mara tatu au nne. Kwenye boksi utakuta wameandika saa 20 au 24, ndugu yangu, hizo ni pamoja na kikasha. Si saa 24 mfululizo sikioni. Hedifoni kubwa za Bluetooth zina nafasi ya betri kubwa, kwa hiyo nyingi zinapita saa 20 bila kugusa chaji. Kwa mtu wa Mwanza, Bukoba au Mbeya hilo ni jambo la maana.

Betri za lithiamu huchoka kadiri unavyozichaji, na ndogo ndizo unazozichaji mara nyingi zaidi. Vidude vilivyokupa saa 5 mwaka juzi, leo shukuru vikifika 3. Na havichoki pamoja: kimoja kinakufa mapema, unabaki na sikio moja. Ukitaka kuvinunua mtumba, hilo ndilo la kupima kabla ya kutoa hela.

Waya nao una ugonjwa wake, tusidanganyane. Unakatika pale pini inapoungana na waya, au pale unapogawanyika kwenda masikioni. Sikio moja linakufa, unaanza kukunja waya kwa kidole mpaka "ipate", halafu unakaa shingo upande saa nzima ukiogopa kupumua. Anayeua waya mara nyingi ni wewe mwenyewe kwa kuuzungusha kwenye simu na kuukaza. Uzungushe kwenye vidole viwili kwa kulegeza, uuweke mfuko tofauti na funguo. Utadumu.

REDIO NA MPIRA

Hili wauzaji hawalisemi. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ukifungua redio bila kuchomeka waya simu inakuambia chomeka hedifoni kwanza. Vidude haviwezi kazi hiyo. Sasa fikiria uko Makambako, Simba na Yanga wako uwanjani, bando limekata na mtandao unakuja na kuondoka. Mwenye simu ya kawaida na viwaya vya bei ya chipsi mayai anasikiliza bure, na basi zima linamuuliza yeye "ngapi ngapi?" Wewe mwenye vidude vya bei mbaya unasubiri kuambiwa.

Ila cheki simu yako kwanza. iPhone hazina redio ya FM, na simu kadhaa za bei ya juu za Android hazina pia. Halafu FM haifiki mbali, ukitoka mkoa mmoja kwenda mwingine unatafuta stesheni upya, na kuna vipande vya porini utasikia mvumo tu.

TUNDU

Kuna simu hazina tena lile tundu la duara la milimita 3.5. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wengine wakacheka, halafu wakafuata. Bado liko kwenye simu nyingi za bei ya chini na ya kati, ambazo ndizo tunazo wengi wetu. Kama yako haina, una njia mbili. Moja ni kununua hedifoni zenye pini ya USB-C. Ya pili ni kile kiwaya kifupi cha kuunganishia, na hapo watu wanapigwa sana. Viwaya hivyo viko vya aina mbili na kwa macho vinafanana. Kimoja kina kichipu ndani kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ile ambayo hedifoni inaielewa. Kingine ni nyaya tupu, kinategemea simu itoe sauti hiyo yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Ukifika nyumbani kimya. Dawa yake ni kuchomeka kwenye simu yako pale pale dukani, upige wimbo, ndiyo ulipe. Na kumbuka simu yenye tundu moja ikishachomekwa hedifoni huwezi kuichaji wakati huo huo.

KELELE ZA NJIANI NA MASIKIO YAKO

Hapa naomba mtulie, maana wengi wanabishana waya na Bluetooth wakati kinachowaumiza ni kingine. Ndani ya basi kuna injini, kuna upepo, kuna matairi, na juu ya kichwa chako kuna spika ya basi inayopiga filamu ya Bongo kwa sauti ya juu. Unafanya nini? Unaongeza sauti. Spika ikiongezwa, nawe unaongeza. Saa 13.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, na ukifika 95 ni saa moja na robo, kwa wiki nzima! Simu nyingi ukizifungulia mpaka mwisho zinapita hapo. WHO hao hao wanasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani, wenye miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza vitu kwa sauti kubwa. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mfano wa vinyweleo ndizo zinazopokea sauti, na kwa binadamu zikifa haziooti tena. Ukishuka basi masikio yanapiga miluzi, ujue ulizizidishia. Miluzi ikikaa siku kadhaa nenda hospitali, usikae nyumbani ukitia mafuta ya nazi sikioni.

Kwa hiyo hedifoni nzuri ya safari ni ile inayokufanya upunguze sauti. Njia ya kwanza ni rahisi: vile viraba laini vya kuziba sikio. Zenye viraba huja na saizi tatu hivi, wengi wanatumia iliyokuja imevaliwa na nyingine wanatupa. Zijaribu zote. Ikikaa vizuri utasikia kelele za nje zimezama na besi imejaa, hata kwa hedifoni ya bei ndogo. Zile za plastiki ngumu zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio haziwezi, ziwe za waya au Bluetooth, na hata ziwe na jina kubwa.

Njia ya pili ni ile ya kufuta kelele kwa umeme. Kimaikrofoni kinasikiliza kelele ya nje, hedifoni inatengeneza wimbi lililopinduliwa, mawimbi mawili yanakutana na kufutana. Bwana Amar Bose wa Marekani alilipata wazo lake la kufuta kelele mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, kwa kuudhika na mvumo wa injini uliokuwa ukimfunika muziki. Na kweli inafanya kazi vizuri kwa mvumo mzito usiobadilika, ule wa injini. Mtoto akilia, honi, mtangazaji wa dawa za mitishamba aliyesimama katikati ya basi, hao utawasikia tu. Nyingi za aina hiyo ni za Bluetooth, za bei, na zinakula chaji zaidi.

Kijanja changu ni hiki: weka sauti ukiwa bado stendi, injini haijawashwa, mahali unaposikia vizuri. WHO wanashauri usipite asilimia 60 ya sauti ya simu. Halafu usiiguse tena. Basi likitembea ukaona husikii, badilisha kiraba, sauti iache.

Upande wa pili, ukiziba sana nako kuna balaa. Konda akisema "dakika kumi" anamaanisha kumi. Nimemwona kijana anakula chipsi kwa raha zake na muziki masikioni, basi linaondoka na begi lake. Alilipata mbele kwa bodaboda. Ukishuka, vua. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, ongeza na hili: saa 8 za usiku kwenye stendi usiyoijua masikio ndiyo macho yako ya nyuma.

TRENI, BOTI NA NDEGE

Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, na boti ya Zanzibar ni safari fupi. Vidude vilivyojaa vinatosha, tena ni raha kutembea bila waya kunasa kwenye mkono wa siti. Ukiona sauti inakatikakatika, toa simu mfuko wa nyuma uiweke upande wa mbele. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, unayameza.

Ndege ni habari nyingine. Skrini ya kwenye siti kwa ndege nyingi bado inataka pini ya waya, na zile wanazogawa bure hazizibi kitu. Beba zako za waya hata kama una vidude. Simu ikiwa katika hali ya ndege Bluetooth huzimika kwa baadhi ya simu, unaiwasha tena kwa mkono, na mashirika mengi hayana shida nayo. Pawa benki hairuhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini, kaa nayo juu, na vidude vyako pia.

Mkinibana niseme moja: mwanafunzi mwenye hela ya kitu kimoja, simu yenye tundu, safari ya siku nzima, achukue za waya zenye viraba. Mwenye hela ya viwili anunue vidude vya mjini na bado atupie za waya kwenye begi. Mimi sasa ndivyo ninavyofanya, na kile kidude changu kilichobaki peke yake nakitumia kupigia simu.

Kuhusu feki: jina la AirPods kwenye boksi halina maana yoyote siku hizi, hata kile kipicha kinachotokea kwenye iPhone ukifungua kikasha wanakiigiza. Weka namba ya siri ya bidhaa kwenye ukurasa wa Apple wa kucheki dhamana, na hata hiyo namba huwa wanainakili kutoka kwenye boksi halali, kwa hiyo bei ikiwa ya maajabu usijidanganye. Kwa zote, sikiliza sikio la kushoto peke yake, kisha la kulia, kisha mpigie mtu simu akuambie kama anakusikia barabarani palipo na kelele.

Mwenye simu isiyo na tundu aliyepata kiwaya cha kuunganishia kinachofanya kazi, aandike hapo chini aina ya simu na duka la mtaa gani. Kuna watu watatu wameniuliza wiki hii na sina jibu la simu zao.