Vigae, steji na ramani niliyoiacha

Nimerudi kwenye mradi wangu wa zamani, ramani ya matatu za Nairobi niliyoianza 2018 nikiwa mwaka wa tatu chuoni na kuiweka kando 2019 nilipoajiriwa. (Kazi ya kulipwa humeza jioni zote, wenzangu mnajua.) Kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo, niliamua kuchunguza kila kipande kilitoka wapi. Nimekuta historia tamu kuliko mradi wenyewe.

Tuanze na vigae. Ramani za kwanza za mtandaoni, kama MapQuest ya 1996, zilikuwa picha moja tu. Ukitaka kusogea kulia, unabofya mshale, ukurasa mzima unapakiwa upya. Kwa intaneti ya simu za waya hapo ungeweza kwenda kuchemsha chai. Februari 2005 Google Maps ikaja na mtindo mwingine: dunia imekatwa vipande vya pikseli 256 kwa 256, na kivinjari kinaleta vile tu unavyovihitaji huku ukiburuta kwa kipanya. Programu ile ilianzia Sydney, kwa kampuni ndogo ya Where 2 Technologies ya ndugu wawili, Lars na Jens Rasmussen, iliyonunuliwa na Google 2004.

Hesabu yake ni nyepesi. Ngazi ya sifuri, dunia yote ni kigae kimoja. Kila ukikuza mara moja, kigae kimoja huwa vinne. Ukifika ngazi ya 18 una vigae zaidi ya bilioni 68, na hapa kwetu pikseli moja ni kama sentimita 60 za ardhi. Halafu kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria: Ikweta ndiyo mshono. Kuanzia ngazi ya kwanza hakuna kigae kinachoivuka, kwa hiyo Kenya yetu hukatwa vipande viwili daima. Lakini pia tuna bahati. Makadirio ya Mercator ya 1569, ambayo ramani hizi zimeyarithi, huzidisha ukubwa kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia. Greenland hufura vibaya. Nairobi, kwenye nyuzi 1.29 kusini, haifuri hata kidogo cha kuonekana kwa macho.

Vigae bila data ni karatasi tupu, na hapo ndipo penye uzito. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza na Steve Coast 2004, kwa wazo kwamba mtu yeyote achore mtaa wake na mtu yeyote atumie. Kwetu wazo hilo lilishika mizizi kwa sababu chungu. Januari 2008, katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi, Ushahidi iliwekwa hewani ili wananchi waripoti yaliyotokea, na kila ripoti ikawa alama kwenye ramani. Mwaka uliofuata, 2009, vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS vichochoroni katika mradi wa Map Kibera, wakachora visima, zahanati, shule na vyoo vya mahali ambapo ramani za umma zilikuwa karibu tupu.

Kisha Digital Matatus. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipanda matatu na simu zao na kurekodi njia na steji. Ramani ikatoka 2014. Data yake iliachwa wazi, na bila hiyo mradi wangu usingekuwepo. Mimi niliongeza tu steji za mitaa ninayoijua, kwa msaada wa makanga waliokuwa wakinicheka kwa maswali yangu.

Onyesho lenyewe nililijenga kwa Leaflet, maktaba ya JavaScript ambayo Vladimir Agafonkin wa Ukraine aliitoa 2011. Ni nyepesi, na msimbo ule wa zamani bado unafunguka leo bila kulalamika. Wale wanaopenda vigae vya vekta wana MapLibre, iliyozaliwa Desemba 2020 baada ya Mapbox kubadilisha leseni ya maktaba yake. Nimeijaribu, nitabaki na Leaflet.

Tatizo ni steji. Barabara ya Expressway ilifunguliwa 2022 na Mombasa Road haikubaki ilivyokuwa. Vituo huhamishwa, nyingine hubaki majina tu. Odeon ilikuwa sinema. Abiria wengi wa rika langu wanaijua kama mahali pa kupandia gari. Makanga huyabeba majina haya kichwani, na mwenye kichwa akiacha kazi, jina nalo linaondoka. Kwa hiyo sianzi na sura mpya ya programu. Naanza na faili la viwianishi: nazungukia steji moja moja kwa miguu, nasahihisha, kisha naingiza OpenStreetMap chini ya leseni yao huria, ili mradi wangu ukilala tena data isilale nao. Hadi sasa nimemaliza steji 31 za Eastlands. Jumamosi hii ni zamu ya Jogoo Road, na kama unaishi upande huo, niandikie jina mnaloiita steji yenu, hata kama kibao kinasema lingine.